Mtoto Aliyekatazwa Jua

Wakati wa kupura ulezi alikuja kwangu mwanamke mmoja kutoka upande wa Muze, mtoto yuko mgongoni, amemfunika kanga juu ya kanga. Nilipoona mtoto anavyougeuza uso kuukwepa mwanga wa mlango, sikuuliza kitu. Nilimwambia, "Ingia, ufunge mlango, salamu baadaye." Akaketi akalia. Nikamwacha alie amalize, kisha nikamsimulia niliyoyapitia na mjukuu wangu Gaudensia. Alipokuwa anaondoka akasema, "Bibi, yaandike haya, maana mimi nitasahau nusu kabla sijamaliza kushuka mlima."

Basi naandika. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari nina wajukuu, kwenye kisomo cha kijiji, kwa hiyo usinitafutie makosa. Mambo ya kitaalamu sitayagusa, siyajui. Nitaandika niliyoyaona.

Gaudensia alikuwa mtoto wa kwanza wa binti yangu Yustina. Alizaliwa mzima, kipindi cha mvua. Mvua zilipokwisha ikaja ile miezi yetu ya baridi na upepo, anga kavu bila wingu, ndipo mambo yakaanza. Yustina alimbeba mgongoni kwenda kuvuna mahindi, na jioni mtoto alirudi na shavu moja limevimba, ngozi inabambuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Shavu la pili, lile lililokuwa limelalia mgongo wa mama yake, lilikuwa laini kama jana yake. Nililitazama jambo hilo nikalala nalo.

Mume wa Yustina, Leonsi, alisema mkewe hajui kubeba mtoto. Mtoto akawa anafumba macho kwenye mwanga; kwenye zahanati walisema yanamuuma kwa sababu ya moshi wa jikoni, wakatupa dawa ya kupaka. Tulipaka mpaka ikaisha. Mtoto alianza kutembea, lakini alitembea ukutani tu, akifuata kivuli. Kabla hajaacha ziwa vizuri alishajaa madoa usoni na mikononi, meusi, madogo, kama mtu kamrushia ulezi usoni ukanata.

Nikamchukua mimi kwenda Sumbawanga mjini. Tulipanda lori la mazao, tukalala kwa ndugu yangu, mtaa wa Malangali, na alfajiri tukaenda hospitali kabla jua halijachomoza. Nilijiona mjanja. Sikujua kwamba hospitali ina ujanja wake. Benchi la wagonjwa lilikuwa barazani, na foleni ilivyokuwa inasogea, ilikuwa inasogea kuelekea upande wa jua.

"Mama, sogea, foleni inakwenda," akasema mwanamume aliyekuwa nyuma yangu.

"Pita wewe."

"Nipite vipi na zamu ni yako?"

"Pita nimekwambia. Hapo pana jua."

Akacheka. "Jua! We mama umetoka Ufipa ya wapi huko wanakoliogopa jua? Sisi kwa baridi hii tunalitafuta kwa tochi."

Mwingine akadakia, "Mwache bibi wa watu. Huenda ni samli, atayeyuka."

Baraza zima likacheka, hata wenye vikohozi. Nikawaacha wapite, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukawa wa mwisho na kivuli kimekwisha. Mama mmoja mwenye mguu uliovimba, ambaye alishatibiwa na angeweza kwenda zake, akarudi akaketi upande wa jua. Akaupanua mgongo wake, kivuli chake kikamwangukia mtoto. Tulipoitwa ndani akainuka, akaondoka akichechemea. Sikumjua jina na sijamwona tena.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa mbali, lakini hakuwa na haraka. Alimtazama macho, midomo, mikono. Kisha akaniambia nimvue gauni. Tumbo la Gaudensia lilikuwa safi, bila doa.

"Umeona, bibi? Huku jua halijafika."

"Nimeona."

"Jua linamuumiza kila mtu, hata wewe. Ndani ya ngozi kuna nyuzi ndogo sana, hazionekani kwa macho, na hizo ndizo zinazouambia mwili ujijenge vipi. Jua linazikata. Mwili wako unazishona tena hata hujui kwamba zilikatika. Mwili wa huyu haushoni."

"Basi mpe dawa ya kushona."

"Haipo."

"Haipo hapa, au haipo Dar es Salaam?"

"Haipo popote, bibi."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Akaniambia nimfiche jua, na si la adhuhuri peke yake. La asubuhi, la jioni, hata la mawingu. Nilipokuwa namvika nguo akaongeza, polepole, kwamba wapo watoto wengine ambao kule kutoshona hakuishii kwenye ngozi. Kunafika kichwani, kwenye mishipa ya fahamu, mahali ambapo jua haliingii kabisa. Masikio hutangulia, halafu miguu, halafu akili.

"Na huyu yumo?"

"Siwezi kujua sasa."

"Nani atajua?"

"Wewe utajua kabla yangu."

Kabla ya kurudi nilipita Majengo kutafuta nguo ya kumfunika. Mke wa mwenye duka, mama wa Kiislamu mwenye maneno machache, alinisikiliza, kisha akachukua kitambaa nilichokuwa nimekichagua akakinyoosha mlangoni mbele ya mwanga. "Tazama. Wewe unaliona jua kupitia hapa. Basi na jua linamwona yeye." Akakirudisha. Akatoa kaniki, akaikunja mara mbili, akainyoosha tena. Giza. "Chukua hii." Wewe mwenye mtoto kama wangu, fanya hivyo hivyo kwa kila nguo. Usiamini uzito wa nguo mkononi. Inyooshe mlangoni.

Nyumbani nilieleza kwamba daktari kasema ugonjwa umetoka kwa wazazi wote wawili, baba sehemu yake na mama sehemu yake, na wao wenyewe hawaumwi. Leonsi akasema kwao hakujawahi kutokea kitu kama hicho. Mama yake Leonsi akasema vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Yustina alikuwa na mtoto wa pili tayari, wa kiume, mzima, anacheza juani tangu asubuhi. Leonsi alipopata kazi Mbeya, Yustina alimfuata na yule wa pili. Gaudensia akabaki kwangu. Hakuna aliyesema wazi kwamba anaachwa. Walisema anabaki.

Tukaishi wawili. Nyumba yangu ya wakati ule ilikuwa bondeni, kwenye miti ya kando ya kijito, na tuliweza. Kisha ikaja amri ya kuhamia kijijini. Kijiji chenyewe kilipimwa kwa kamba juu ya tambarare, nyumba mstari kwa mstari, na mnajua tambarare yetu, nyasi na upepo, mti hakuna. Nilipofika na vyombo vyangu nilizunguka kiwanja changu nikitafuta kivuli. Kilikuwepo kimoja, cha kwangu mwenyewe.

Shamba la kijiji lilikuwa mbali na kila mtu alitakiwa kufika. Kumfungia mtoto peke yake nyumbani sikuthubutu, alikuwa mdogo na kuna moto jikoni. Lakini pale shambani, pembeni, palikuwa na ilungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo wazee wetu waliyeyushia chuma. Lilikuwa limeachwa zamani, refu kumpita mtu, ukuta mnene kama wa kichuguu. Nilifagia ndani, nikaufunika mdomo wa juu kwa nyasi, mlangoni nikaning'iniza mkeka. Gaudensia akakaa humo na kibuyu chake cha maji, anaimba. Mimi nikipandisha udongo juu ya nyasi kutengeneza ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, nilimsikia anaimba, na siku zikaenda. Ule ulikuwa wakati wetu mzuri.

Lakini watu waliona mtoto anatoka tanuruni jioni na uso wenye madoa. Wanawake wa mstari wangu wa palizi waliacha kulima karibu nami. Nilisikia mmoja akisema makusudi nisikie, "Wengine wanapika ugali, wengine wanapika wajukuu."

Nikamjibu, "Wako hata ukimpika hataiva."

Walicheka, lakini hawakusogea karibu.

Ndipo siku moja wakaja kwenye shamba, mwenyekiti wa kijiji mbele, balozi wa nyumba kumi nyuma yake, na mzee Lusiani, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi ya chuma na baba yake.

"Shikamoo, mama," akasema mwenyekiti. Alikuwa na umri wa wanangu.

"Marahaba. Mmekuja wengi."

"Tumekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Zile cheche usoni."

"Si cheche. Ni jua."

Mzee Lusiani akatikisa kichwa. "Mama Yustina, cheche ninazijua mimi. Ikikurukia inaacha doa hivyo hivyo, jeusi, dogo. Ilungu hili liliachwa bila kufungwa kwa dawa zake. Unamweka mtoto motoni."

"Mzee, hili halijawashwa tangu sijaolewa!"

"Moto wa kuni ndio uliozimika. Wa dawa haujazimwa."

Nikaingia ndani nikamtoa Gaudensia, nikamkinga kwa kaniki, nikalifunua tumbo lake kama alivyofanya daktari. "Haya, tazameni wenyewe. Cheche gani hizo zinazochagua uso na mikono zikaruka tumbo?"

Mzee Lusiani akainama akatazama kwa makini. Akasema kwa upole kabisa, "Si alikuwa amevaa nguo."

Kilekile kilichonithibitishia mimi ndicho kilichomthibitishia yeye. Hawakuja kwa ubaya, nataka hilo lieleweke. Walikuja kumwokoa. Wakalibomoa ilungu kwa majembe, na mimi nimesimama pale nimemfunika mtoto, naye ananiuliza chini ya kaniki, "Bibi, wanapiga nini?" Nikamwambia wanalima.

Siku zilizofuata nilimvundika nyumbani nikawa natoroka shambani kila mara kwenda kumtazama, na kila nikitoroka jina langu lilisomwa jioni mbele ya wote kama mvivu. Mwenyekiti akaja peke yake. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, mimi sijui ukweli uko kwa nani. Lakini ghala la kijiji linataka mtu wa kuchagua mbegu. Mle ndani hamna dirisha."

"Nitakwenda na mtoto."

"Sijasema habari ya mtoto," akajibu, akaondoka. Hivyo ndivyo alivyotupa ghala.

Miaka yetu mirefu ilipita humo, kwenye harufu ya mahindi na vumbi la ulezi. Watu walipokuja kuchukua mbegu walipokelea mlangoni. Misa ya Jumapili tuliikosa, maana ilikuwa jua likishapanda. Jua likizama ndipo tulipotoka, na wakati huo kulikuwa na kisomo cha watu wazima, taa ya chemli mezani, nami nilikwenda na Gaudensia. Mimi nilijifunza kwa taabu. Yeye aliziokota herufi kama kuku anavyookota punje. Njiani kurudi alinicheka, "Bibi, wewe umeandika 'ng'ombe' bila ng'." Nikamwambia wangu hana pembe.

Siku moja ghalani debe liliniponyoka likaanguka nyuma yake. Mimi mwenyewe niliruka. Gaudensia aliendelea kuchagua mbegu, kichwa chini, hakugeuka.

Nikaokota debe nikaliangusha tena.

Hapo nilijua kabla ya daktari, kama alivyosema. Jua sikulipa nafasi, nawaapia. Ngozi yake ilikuwa haijapata doa jipya tangu tuingie ghalani. Lakini kule ndani, nyuzi zilikuwa zinakatika zenyewe na hakuna wa kuzishona, na kule sikuwa na kaniki ya kufika.

Tulihamia kwenye maandishi. Nilimwandikia kwa kidole kwenye unga, naye alisoma na kujibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake. Alipouliza kama anaweza kutoka, nilitikisa kichwa mpaka giza liingie. Kisha miguu yake ikaanza kutembea kama ya mtu aliye kwenye tope. Mkono ukatetemeka. Maneno yakawa mazito mdomoni, nikawa mimi peke yangu ninayeyaelewa, halafu na mimi nikawa siyaelewi yote. Mvua moja ikapita, na ya pili, nikaandika jina lake kwenye unga akalitazama, akaliramba.

Ukifika hapo, ndugu yangu, usitafute mtu wa kukuambia la kusema. Watu wataacha kuja. Si kwamba wana roho mbaya, hawana la kuzungumza na wewe. Nilikuwa nazungumza na yeye asiyesikia, kuanzia asubuhi, habari za mbegu na za panya, ili mdomo wangu usiote ukungu. Jambo jema dogo lilikuwa kwamba alipenda kuoshwa miguu kwa maji ya moto. Nilimwosha hata kama haikuwa lazima.

Jambo baya kuliko yote halikuwa hilo. Alisahau kwamba amekatazwa jua.

Ilikuwa tena miezi ya baridi. Asubuhi zetu mnazijua, watu wote wa kijiji wanatoka nje, wanaegemea kuta, wanaota jua. Macho yake wakati huo hayakuwa yanaona sana, na mwanga haukumuuma kama zamani. Alihisi tu kwamba pale mlangoni kuna joto. Akawa anatambaa kulifuata. Nikawa namrudisha. Anatambaa, namrudisha. Alinishika mkono akanisukuma, akalia kwa hasira, mimi ndiye niliyekuwa namnyima joto na sababu haipo tena kichwani mwake.

Yustina alikuja kututazama, amebebwa na lori kutoka Mbeya. Alikaa siku chache. Aliona kutambaa na aliona kurudishwa.

"Mama, mwache."

"Nimwache wapi?"

"Mwache aote jua."

"Wewe uliondoka. Usije hapa kunifundisha."

"Niliondoka, ndiyo. Nisute mpaka uchoke. Lakini unamkinga ili iweje, mama? Aende kwa Mungu na ngozi nzuri?"

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka akakaa nje ukutani. Sikumfuata. Usiku tulilala hatujasemezana, na alfajiri lori likamchukua. Alimbusu mwanawe kichwani, mimi akanipa mkono. Nilimwambia aende salama, ila nilisema nikiwa nimegeukia moto.

Asubuhi ile Gaudensia alitambaa tena. Mstari wa jua ulikuwa umeingia mlangoni, mwembamba, juu ya sakafu. Nikamwinua kumrudisha, nikaona mwili wake ulivyo mwepesi. Alikuwa hamezi tena isipokuwa uji mwembamba, na huo nusu ulimrudia. Nikasimama naye hapo katikati ya nyumba, simrudishi wala simpeleki. Miaka yote ile nilijua la kufanya. Watu walinicheka, walinibomolea, lakini nilijua.

Nikaketi mlangoni, nikamweka mapajani. Nikamfunika uso na kaniki, nikamfunika kifua na miguu. Kisha nikaitoa mikono yake nikaiweka kwenye ule mstari wa jua.

Vidole vyake, vilivyokuwa vimejikunja kwa muda mrefu, vikafunguka. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka mstari ukasogea, nami nikasogea naye.

Tulifanya hivyo kila asubuhi ya baridi ile, na kila asubuhi ya anga wazi iliyobaki. Wewe mwenye mtoto mdogo, mwenye masikio mazima, usisome hapa ukapata ruhusa. Mfiche. Mfiche hata wakikucheka. Ninaandika haya kwa yule ambaye wake amefika alipofika wangu, na anajiuliza kama kuna wa kumhukumu. Mimi sikuhukumu.

Gaudensia alifariki mvua zilipoanza, kifua kilimbana. Hakufika utu uzima. Wanawake wa kijiji walikuja kumwosha, wote, hata wale wa mstari wa palizi. Walipomvua wakaona mwili wake ulivyo laini kote kama wa mtoto mchanga, na yale madoa ya usoni yalikuwa ya zamani, yamefifia. Ila mikono, kwenye migongo ya viganja, ilikuwa na madoa mapya, meusi, mengi.

Mmoja wao akaniuliza, "Mama Yustina, na haya ya mikononi yametoka wapi?"

Nikamwambia, "Hayo nilimpa mimi."